TRENI YA MTOTO ILIE KAMA TRENI YA KWELI

Sisi wa Rubya hatuna reli. Wazee wetu waliotaka kupanda treni walivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba mpaka Mwanza. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Hata hivyo watoto wetu wanatengeneza treni. Wanafunga makopo kwa kamba na kuyavuta uani. Mlio wanautoa kwa mdomo: chu, chu, chu, chu.

Leo nitakueleza namna ya kumsaidia mtoto ili treni yake ilie yenyewe. Utauliza, bwana shamba ana kazi gani na vitu vya kuchezea? Soma kwanza.

MLIO UNATOKA WAPI?

Umeona sufuria ya ndizi ikichemka. Mvuke unainua majani uliyofunikia. Katika treni ya mvuke, maji huchemka ndani ya tangi la chuma. Mvuke unaingia katika silinda na kusukuma pistoni mbele. Kisha unaingia upande wa pili na kuirudisha nyuma. Pistoni ndiyo inayozungusha magurudumu. Kila msukumo ukiisha, mvuke uliotumika unatoka kwa nguvu katika bomba la moshi. Hapo ndipo unaposikia "chu".

Treni nyingi za mvuke zilikuwa na silinda mbili. Kila silinda husukuma mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo gurudumu kubwa likizunguka mara moja, treni inalia mara nne. Shika hesabu hiyo.

TENGENEZA HIVI

Kata gurudumu la ubao, upana wake sentimeta 10. Chora msalaba unaopita katikati. Karibu na ukingo, pigilia msumari mdogo katika kila ncha ya msalaba. Vichwa vya misumari vitokeze kidogo, vitazame kopo.

Sasa kata ulimi kutoka dumu bovu la plastiki. Ufunge kwa waya ubavuni mwa kopo, ncha yake ifikie misumari. Gurudumu likizunguka, msumari unausukuma ulimi, kisha unauachia. Ulimi unarudi na kupiga kopo. Kopo ni tupu, kwa hiyo linavuma kama ngoma.

Vuta polepole. Gurudumu hili huzunguka mara moja katika sentimeta 31 hivi. Hesabu milio minne.

Kama mlio unachechemea, misumari haikuachana sawa. Dereva wa treni ya mvuke naye alisikiliza hivyo hivyo. Mlio ukichechemea, alijua kuwa mvuke haugawanywi sawasawa.

Na hapa ndipo bwana shamba anapoingia. Mashine ya kusaga nayo inasema. Mkanda ukiteleza, inapiga kelele nyembamba. Ukimimina mahindi mengi mno, injini inazidiwa na mlio unashuka. Mwendeshaji asiyesikiliza anaendelea kumimina mpaka mashine iharibike, na kijiji kizima kinabeba mahindi kwenda kusaga mbali. Mtoto aliyerekebisha misumari kwa sikio lake ameanza kujifunza kazi hiyo.

TRENI NYINGINE

Treni ya dizeli hunguruma hata ikisimama, kwa hiyo ulimi wetu hauwezi kuiigiza. Treni ya umeme, kama ile iliyoanza safari za Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024, haitoi mvuke wala moshi. Huko Marekani na Ulaya, watu wazima hutengeneza treni ndogo na kuweka ndani yake spika yenye sauti iliyorekodiwa. Ni ghali. Na kwa treni ya mvuke, hata hiyo lazima ifuate mzunguko wa gurudumu.

JIHADHARI

Kunja ncha zote za waya. Usimpe mtoto betri kuukuu avunje. Asivute treni hii barabarani. Kelele ya kopo itamzuia kusikia pikipiki, na wengine huteremka milima yetu injini ikiwa imezimwa. Achezee uani.