Mbuzi wa Lodwar Alinifunza Kiingereza

Sisi watu wa pwani husema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini kuna kurudisha kusiko na matanga, nako nilikuona Lodwar, kwa sababu ya mbuzi mmoja na maneno mawili ya Kiingereza.

Nilikuwa na duka dogo mjini humo. Siku chache kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu nilinunua beberu kwa mzee mmoja wa Kiturkana, nikamlipa fedha zake, nikamfunga mbuzi uani. Usiku akakata kamba. Nilimtafuta chini ya mikoma ya mto Turkwel mpaka miguu ikachoka, nisimwone. Kesho yake nikaletewa barua fupi kutoka kwa mwana wa yule mzee, mwanafunzi wa sekondari: "My father will come on Friday to take back the goat."

Damu ilinichemka. Nilifahamu kwamba mzee anakuja kumtwaa tena mbuzi wake, na pesa zangu amekwisha kula! Mbuzi mwenyewe sinaye, na sasa nadaiwa! Nikaanza kupanga maneno makali.

Ijumaa, nilipotoka msikitini, nilimkuta mzee ameketi kivulini mlangoni pa duka, na beberu amemshika kamba. Kumbe mbuzi alikimbilia zizi lake la zamani, na mzee alikuwa amemleta kwa miguu tangu alfajiri. Maneno yangu niliyameza, nikamwandalia chai, uso umejaa haya.

Kosa lilikuwa wapi? Sisi tuna "rudisha", au "rejesha", na neno hilo moja latutosha. Mwingereza hugawa. Kitu kikiletwa ulipo wewe, husema "bring back". Kikipelekwa kilikotoka, "take back". Kikiwekwa mahali pake, "put back". Na fedha za deni, "pay back". Tena "take back" ina sura mbili: kurudisha dukani ulichonunua, na kutwaa tena ulichokwisha kutoa. Hapo ndipo nilipoteleza. Lau kijana angaliandika "give back", shaka isingalikuwapo, kwani "give" ni kutoa: kitu chatoka mkononi mwako, chaingia mkononi mwa mwenyewe.

Utaratibu wake nao una sharti. "Give back the goat" ni sawa, na "give the goat back" ni sawa. Lakini ukitumia "it" badala ya mbuzi, lazima ikae katikati: "give it back". Atakayesema "give back it" amekosea.

Siku hizi, Lodwar na hata Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, utasikia watu wakisema "give back to the community". Hapo hakuna kilichoazimwa. Ni kulipa fadhila kwa jamii iliyokulea. Waturkana hawakungoja Kiingereza kwa jambo hilo. Mtaalamu P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955, alieleza jinsi wanavyopeana mifugo na marafiki: aliyepewa leo, naye hutoa siku ya haja ya mwenziwe.

Qurani, katika Suratin-Nisaa aya ya 58, yatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Yule mzee aya hiyo hakuisoma, wala Kiingereza hakukijua. Alijua tu kwamba mbuzi si wake tena.