Una till mbili? Hakikisha malipo hayapotei kwenye ripoti

Tuseme una duka la vipodozi Nakuru na till mbili: moja ya kaunta, nyingine ya wateja wa mtandaoni. Kila jioni kijana wako wa kompyuta anaunganisha ripoti zote mbili ziwe moja. Leo hesabu imepungua. Kabla hujamlaumu dada wa kaunta, uliza kwanza ripoti ziliunganishwa vipi.

Ripoti ya malipo ni orodha ndani ya orodha: nje kuna siku, na ndani ya kila siku kuna malipo. Kwa mfano:

Till ya kaunta, Jumatatu: 500, 200
Till ya mtandaoni, Jumatatu: 300

Jumla ni shilingi 1,000, sivyo? Sasa, kama programu yake imeandikwa kwa lugha ya PHP, amri ya array_merge huangalia jina la nje pekee. Ikikuta "Jumatatu" mara mbili, inabaki na ile ya mwisho. Ripoti itasoma 300. Zile 700 zimefutwa humo, na hutaona onyo lolote. Pesa zenyewe ziko salama kwenye till. Ripoti ndiyo inadanganya.

Kuna amri nyingine, array_merge_recursive. Hii inaingia hadi ndani na kukupa 500, 200, 300. Shida yake? Ripoti ile ile ikiwekwa mara mbili kwa bahati mbaya, malipo pia yanahesabiwa mara mbili. Hapo utadhani umeuza sana, kumbe wapi!

Dawa ni hii: ndani ya kila siku, kila malipo yapewe jina la nambari yake ya muamala, ile ya herufi na tarakimu inayokuja kwenye SMS. Kisha kijana atumie array_replace_recursive. Kwa kuwa kila muamala una nambari yake, malipo tofauti yote yanabaki, na yaliyojirudia yanahesabiwa mara moja tu.

Hata kama hujui programu, unaweza kukagua. Jumlisha kila till kivyake, ujumlishe hizo mbili, kisha ulinganishe na ripoti ya pamoja. Zisipolingana, usifunge hesabu.

Na kumbuka: kuunganisha ripoti hakuhitaji PIN yako. Anayeiomba, mnyime.