Mayai Ndani ya Pipa la Maji

Katika mji wa Juba, ulio kando ya Mto Nile Mweupe, wakazi wengi hununua maji yaletwayo na malori, wakayahifadhi katika mapipa uani, karibu na bustani. Maji ya fedha hayamwagwi ovyo. Basi, ndugu msomaji, yatupasa tuyatambue mayai tuyaonayo humo.

Mayai yaliyoshikamana mithili ya chelezo kidogo chenye rangi ya masizi ni ya mbu aina ya Kuleksi. Chelezo kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Anofelesi, aenezaye malaria, hutaga moja moja juu ya maji, na mayai yake ni madogo kama chembe za vumbi. Mayai yaliyozungukwa na ute si ya mbu. Huenda ni ya wadudu wengine wa majini.

Lakini mjanja kuliko wote ni Aedesi, aenezaye homa ya manjano, ugonjwa uliotangazwa kuzuka Yambio, nchini humo humo, Desemba 2023. Yeye hutaga ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi kadhaa, yakingoja maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi.

Tulifunike pipa barabara. Tena kila juma, kabla ya kulijaza upya, tusugue kuta zake kwa brashi, na maji ya kusugulia tuyamwage penye ardhi kavu. Kinga ni bora kuliko tiba.