Je, Wajua? Mlima Mmoja, Mifuko Tofauti

Je, wajua kwamba mtu wa Nkoaranga na mtu wa Oldonyo Sambu wanautazama mlima uleule, Meru, lakini mvua yao si moja? Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, ukafika mteremko wa kusini na mashariki na kuumwaga hapo. Ukizunguka kaskazini na magharibi umeshakauka. Huku migomba na kahawa, kule mahindi ya kubahatisha na mbuzi.

Je, wajua kuwa Engare Nanyuki, upande mkavu wa Meru, kwa Kimaasai ni maji mekundu? Wekundu si kitu. Balaa ni floraidi ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi ya huko yanapita kiwango hicho kwa mbali. Meno ya kahawia ya wenyeji si uchafu (tusiwacheke), na magadi ya kulainisha makande huongeza floraidi hiyohiyo. Mwenye hela hununua maji ya chupa. Asiye nazo hunywa ya mtoni.

Je, wajua kuwa Novemba 1951 Waingereza waliwaondoa Wameru wapatao 3,000 hukohuko Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili walowezi wapate ardhi ya kufugia? Mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wao, alikwenda New York kulalamika Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa; ardhi haikurudi wakati huo. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wameshawagawia walowezi mashamba makubwa chini ya mlima, wenyeji wakabanwa juu. Ndiyo maana upande wa neema nao una maskini wake: baba akigawia wana wanne kihamba (shamba la ukoo) kimoja, kila mmoja anabaki na migomba ya kuhesabu kwa vidole.

Je, wajua kuwa Engare Nanyuki ya leo, yaani Ngarenanyuki, inalisha miji nyanya za mfereji? Mkulima analima, bei ya tenga anaitaja dalali.

Tukishuka mlimani, je, wajua kuwa Mirerani ya tanzanite ilikuwa mkoa wa Arusha hadi mkoa wa Manyara ulipozaliwa mwaka 2002? Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.7. Wachimbaji wengine wengi hurudi na vumbi.

Na Azimio la Arusha, lile la usawa, lilipitishwa Januari 1967 chini ya mlima huuhuu.

Jumamosi ukienda soko la Tengeru, kabla ya kuomba upunguziwe, muulize mama anayeuza anatoka upande gani wa Meru.