Muulize Bibi Kabla ya Posa

Kijana anapotaka kuoa au kuolewa, huulizwa kabila, dini na kazi. Ni nadra kuulizwa ni watoto wangapi waliofariki katika ukoo wao, na kwa dalili zipi. Jibu mara nyingi analo bibi. Usimtajie selimundu, kwani huenda jina hilo halijui. Muulize kuhusu mtoto aliyelia kwa maumivu ya mifupa, aliyevimba vidole vya mikono na miguu, aliyekuwa na macho ya manjano, au aliyeongezewa damu mara kwa mara.

Habari hizi hufichwa, na lawama hutupiwa upande wa mama. Si haki: mtoto huugua anaporithi vinasaba hivyo kwa wazazi wote wawili. Mbebaji kwa kawaida haugui. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Ukoo usiokumbuka mgonjwa nao si kinga, maana ubebaji hupita kimya vizazi kadhaa. Wachumba wote wawili wapime aina ya himoglobini. Kipimo cha wingi wa damu pekee hakitambui mbebaji. Nasi wahudumu tuwape majibu faraghani, kila mmoja yake kwanza.