Bosi Haambiwi Kila Kitu

Usiku wa Januari 25, 1990, ndege ya shirika la Avianca la Colombia ilikuwa ikizunguka angani jirani na New York, ikingoja zamu ya kutua. Ilikuwa imetoka Bogotá kupitia Medellín na ndani mlikuwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na uwanja wa Kennedy umelemewa, hivyo waongoza ndege waliisubirisha mara tatu, jumla saa moja na dakika 17. Mafuta yalikuwa yakielekea kwisha.

Rubani mkuu hakukimudu vizuri Kiingereza, kwa hiyo redio ilikuwa mikononi mwa msaidizi wake. Walipojaribu kutua wakashindwa, mkuu alimwagiza awaambie walio chini kwamba sasa ni dharura. Msaidizi akaitikia kwanza maelekezo aliyopewa na mwongoza ndege, kisha mwishoni, kama mtu anayechelea kusumbua, akaongeza kwamba mafuta yanawaishia. Dharura hakuitaja. Alipoulizwa kama njia anayopangiwa inamfaa kwa mafuta aliyobakiwa nayo, alijibu kwamba anadhani inafaa, akashukuru. Dakika chache baadaye injini zilizimika na ndege ikaanguka Cove Neck, katika Long Island. Walikufa watu 73.

Kisa hiki husimuliwa sana katika mafunzo ya uongozi wa timu zenye watu wa mataifa mbalimbali, na funzo linalotolewa huwa jepesi: Mkolombia alikuwa na adabu mno, wa New York alikuwa na haraka mno, wakapishana. Kuna ukweli hapo. Lakini anayeishia hapo hajakisoma chote. Miaka 11 nyuma, Desemba 28, 1978, ndege ya shirika la United la Marekani iliishiwa mafuta karibu na Portland, Oregon, huku rubani mkuu akiwa amezama katika hitilafu ya magurudumu. Hapakuwa na mgeni katika chumba kile cha marubani. Lugha ilikuwa moja. Wasaidizi waliona mafuta yanashuka, wakayagusia, lakini hawakumkabili mkuu wao kwa uzito uliotakiwa. Watu 10 walikufa. Ajali hiyo iliisukuma United kuanzisha mwaka 1981 mafunzo ya kuwazoesha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi kusema, utaratibu ambao leo ni wa kawaida katika usafiri wa anga duniani.

Mimi nazisoma ajali hizi mbili pamoja. Kumwogopa mkubwa hakuna taifa. Utamaduni unachoamua ni kina cha woga huo, sura yake, na mlango ambao ukweli unaweza kupitia. Kwa hiyo mwenye kazi kubwa ya kuujua utamaduni wa mwenzake ni yule mwenye cheo, kwa sababu yeye ndiye anayefichwa.

Wasomi wameushughulikia uwanja huu kwa muda mrefu. Mholanzi Geert Hofstede alichambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akapima, pamoja na mengine, jinsi watu wa kila nchi wanavyolichukulia pengo kati ya mkubwa na mdogo. Sisi tumo: Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zimewekwa katika kapu moja, na alama zetu kwenye pengo hilo ni 64, juu sana kuliko za Uholanzi yake yeye. Mtu aliyekaa Nairobi na Dodoma, sembuse Addis Ababa, atajua jinsi kapu hilo lilivyo pana. Mwaka 2003 Christopher Earley na Soon Ang walichapisha kitabu chao kuhusu akili ya kitamaduni, wakalihamisha swali: badala ya kukariri tabia za mataifa, walimtazama mtu mmoja mmoja na uwezo wake wa kuingia ugenini, kusoma alama, kujirekebisha na kuendelea kujifunza. Njia hiyo ya pili ndiyo yenye faida kazini, kwa kuwa anayekuja kwako asubuhi si taifa, ni fundi.

Na wageni wanaowaongoza mafundi wetu ni wengi. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ilianza kujengwa 2017 na Yapi Merkezi ya Uturuki kwa ushirikiano na Mota-Engil ya Ureno. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, limejengwa na Arab Contractors na Elsewedy Electric za Misri. Katika saiti za namna hii, kubwa na ndogo, mkutano wa asubuhi unafanana. Injinia anaeleza kazi ya siku, mkalimani anafupisha, injinia anauliza kama wameelewa, na kundi zima linaitikia ndiyo. Labda nyuma kabisa yupo fundi wa zege mwenye mvi, ambaye ameshaona kwamba mchanga ulioletwa jana una udongo mwingi. Hasemi. Kumkosoa mkubwa mbele za watu ni kumvunjia heshima, na kumvunjia heshima mwenye mkataba wako ni kujitafutia balaa. Saa nne, kwa mama lishe, juu ya chapati na maharage, habari ya ule mchanga itazungumzwa kwa kina na kila mtu. Ikifika jioni anayejua ni mpishi, dereva na mlinzi. Asiyejua ni injinia.

Injinia huyo akija kugundua, atasema Waswahili ni waongo. Hapo ndipo timu inapovunjika. Hakuna aliyemdanganya. Aliuliza swali ambalo, mbele ya watu wale, lilikuwa na jibu moja tu la adabu. Angeuliza: kazi hii ya leo itakwama wapi? Angemwomba yule mzee amwonyeshe mchanga wenyewe, wawili tu, kabla ya mkutano. Au angempata nyapara anayeaminiwa na pande zote, amfanye mtu wa kupokea yale yasiyosemeka hadharani. Sisi hatuna uhaba wa njia hizo. Kijana anayetaka kuoa hamkabili baba wa binti ana kwa ana. Anamtuma mshenga, na jambo zito linafika bila mtu kuaibika. Mgeni mwenye akili ataitumia njia hiyo badala ya kulazimisha watu wazima wapayuke mkutanoni ili wathibitishe kwamba wako huru.

Kuna jambo lingine, la msiba, ambalo nadhani limeharibu uhusiano kazini kuliko lugha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Orodha hiyo haimtaji mama mdogo. Haimtaji shangazi wala baba mkubwa. Sasa mfikirie kijana aliyelelewa na mama mdogo tangu darasa la kwanza, akalipiwa ada naye, na leo mama huyo anazikwa Tukuyu. Meneja kutoka nje anafungua sheria, anaona hakuna kosa kumkatalia. Kijana ataondoka tu, au atabaki na moyo wake usirudi tena kazini. Wenzake watakaa wakimtazama meneja kama mtu asiyezika. Kiongozi anayeelewa anamwachia nafasi, ofisi inatuma rambirambi, na ikiwezekana mtu mmoja anakwenda kuiwakilisha. Gharama yake ni ndogo. Hakuna semina ya kujenga timu inayoweza kununua kinachopatikana siku hiyo.

Lakini nasi tunapopewa cheo, tuna ya kujifunza. Watanzania na Wakenya wanaongoza ofisi zenye watu wa mataifa mengi, Arusha, Nairobi na mbali zaidi. Mholanzi akikwambia mbele ya wote kwamba mpango wako una kasoro, mara nyingi amekuheshimu: ameuona unastahili kubishaniwa. Mkenya akituma ujumbe wa kazi bila salamu, Mtanzania huchukia kutwa nzima, wakati mwenzake alidhani anamwokolea muda. Mkubwa ndiye wa kuyasema haya wazi siku ya kwanza, kabla hayajageuka kinyongo.

Kuongozana na watu wa mbali hatukuanza leo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na maelfu ya Wachina, Watanzania na Wazambia. Wakalimani walikuwa wachache, kwa hiyo ufundi ulipita kwa mikono: Mchina anafanya, mwenzake anatazama, kisha anashika yeye. Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alikuwa ametangaza mwaka 1964, katika masharti manane ya misaada ya China, kwamba wataalamu wake wataishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi wenyeji, bila upendeleo. Haikuwa pepo. Kambi zilitenganishwa, nidhamu ilikuwa kali, na zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika kazi ile. Baadhi wamezikwa Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto. Ila msimamizi aliyeshika sururu mwenyewe kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja, hakuhitaji mkutano ili ajue jiwe liko wapi. Alikuwa karibu na ukweli kwa sababu alikuwa karibu na kazi.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali ya kuifufua reli hiyo. Mikataba ya namna hii huwa na kurasa nyingi za mitambo na fedha. Ningependa iwe pia na kifungu kinachomtaka kila msimamizi wa kigeni asome Kiswahili, au Kibemba akiwa upande wa Zambia, kwa miezi kadhaa kabla hajakabidhiwa watu, na kingine kinachompa fundi wa kawaida mtu wa kumpelekea habari mbaya bila kuhofia kibarua chake. Vifungu hivyo viandikwe sasa, kabla kazi haijapamba moto.