Roboti kwa shosho? Tupige hesabu kwanza

Wadau, kila mdahalo wa "serikali ya kidijitali" ukishika moto, hakosi mtu wa kusema wazee wetu wapewe roboti za nyumbani kama ng'ambo, ziwachangamshe akili. Makofi. Uzi mfupi basi.

Roboti zenyewe zipo, si porojo. Japani ina Paro, yenye umbo la mtoto wa sili, inayoitikia ukiipapasa. Hutumika kutuliza wazee waliopoteza kumbukumbu. Mwaka 2022 jimbo la New York lilitangaza kuwapa wazee zaidi ya 800 ElliQ, kifaa cha mezani kinachoanzisha stori na kukumbusha mtu mambo yake. Kwa mzee anayeshinda pekee yake, hiyo si kitu kidogo. Ila kutuliza si kutibu, na jukwaani hapo ndipo watu huteleza.

Hesabu sasa. Paro moja ni kama dola 6,000, tuseme Sh780,000. Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, so hiyo ni miaka 32 ya pesa yake. Wale wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023 marupurupu yao ni Sh5,000 kwa mwezi. Yaani miaka 13 ya mtu anayepiga hodi na mashine ya presha mkobani, na anajua lugha ya mzee.

Presha naitaja makusudi. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilikadiria karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huu vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa tukishughulikia mambo 14. Humo mna presha, sukari, upweke, macho na masikio.

Masikio! Shosho yangu hapa Jericho tulimwona ameanza kupotea. Unamuuliza hivi, anajibu vile. Tukasema ni uzee, tukaacha hata kumuuliza. Kumbe hasikii, alikuwa akijibu swali alilodhani ameulizwa. Roboti ingemwongelesha mwaka mzima bure.

Alafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifaa kinasikiliza nyumba nzima. Mzee anayesahau atatoa idhini vipi, na nani atamtolea? Hilo sijasikia likijibiwa jukwaani.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee atunzwe na familia na Serikali. Kwa hivyo mgombea akija Makadara na roboti yake, mimi nitamuuliza: hapa mtaani, masikio ya wazee yanapimwa wapi, na kwa pesa ngapi?